Ua la Saba

Jumamosi ya pili ya Septemba mji wa Portlennie
hufungua milango yake, mara moja kwa mwaka,
nami hukabidhiwa funguo kumi na nne kwenye pete ya chuma,
beji yenye jina langu lililokosewa herufi,
na kidude cha kuhesabia watu: bonyeza, tiki, mmoja.

Mvua ilitangulia kufuli la kwanza.
Bahari ilikuwa na rangi ya sufuria iliyoungua,
na Bi Cruickshank wa kamati, mwavuli umempindukia,
akanikumbusha: "Dari! Wote wanakuja kwa ajili ya dari."

Si kweli. Wengi walikuja kwa ajili ya choo.
Wengine kukausha soksi karibu na hita.
Mvulana aitwaye Struan aliuliza nani alinyongwa humu.
Hakuna, nikamwambia, hii ilikuwa Forodha,
hapa watu walitozwa ushuru tu.
Baba yake akasema tofauti ni ndogo.

Basi nikaanza yale yangu ya kila mwaka:
hapa mapipa ya mvinyo yalipimwa kwa kijiti,
hapa karani aliandika heringi, chumvi, katani ya Riga,
na mlango huu mfupi (inameni, tafadhali)
ulikuwa wa wenye jambo la kuficha.
Kisha juu, vidato ishirini na kimoja, shingo zikapinda:
maua kumi na mawili ya lipu, meupe kama unga uliochekechwa.
"Kazi ya mafundi kutoka Italia. Tazameni hasa la saba,
juu ya dirisha la bandarini, petali zinavyojikunja
kana kwamba upepo umeingia.
Mkono kama ule haupo tena duniani."
Miaka tisa nimesema hivyo.
Hiyo "tena" niliipenda kuliko yote.

Mtu mmoja alibaki wenzake waliposhuka.
Koti la plastiki, mfuko wa duka wenye mkate na betri.
"La saba," akasema, "ni langu."

Nikacheka kwa adabu. Yeye hakucheka.

"Dod Mutch. Majira ya baridi ya sabini na nne.
Bomba lilipasuka, ua likaanguka usiku,
tukalizoa kwa ndoo. Nilikuwa na miaka kumi na saba.
Fundi wangu alikuwa mgonjwa,
au ndivyo tulivyomwambia mkewe.
Nikakoroga jasi mwenyewe, ikaniwahi kukauka.
Siyo upepo ule, mama. Ni haraka.
Ningepata muda ningelilaza kama yale mengine."

Akaniambia niwashe tochi ya simu,
chini ya petali ya kushoto.
Nikamulika. Alama ya kidole gumba,
nyembamba, ya mvulana,
imebonyea kama kwenye donge la unga.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo isemwavyo.
Nikasimama na funguo zangu zote,
mwenyeji asiyejua kwamba alikuwa anaumwa.

"Miaka yote hii, mbona hukuja kusema?"
"Mlango ulifungwa. Na siku mnayoufungua
mimi huwa kazini." Akahamisha mfuko mkono wa pili.
"Jana nimestaafu."

Kundi la saa kumi lilipanda likinuka makoti mabichi.
Mapipa, kijiti, heringi, inameni. Shingo zikapinda.
Vipeperushi vya mwakani vimeshachapwa,
Bi Cruickshank alikuwa mlangoni, masikio wazi.
"Maua kumi na moja," nikasema, "ni ya mafundi wa Italia.
La saba..." nikameza mate,
"la saba muulizeni huyo mwenye mkate."

Wakageuka wote. Akawa mwekundu hadi masikioni,
akaanza kueleza habari za bomba.

Saa kumi na moja nilizima taa, chumba kwa chumba.
Kidude kilisema mia mbili na kumi na wawili.
Sikukumbuka kama yeye nilimhesabu.
Nikabonyeza mara moja zaidi, gizani,
kisha nikatafuta ufunguo.