Maelezo kwa Atakayefungua Kasha

Usikate kamba kwa kisu. Mafundo yote yanafunguka
ukivuta ncha nyekundu.

Tumefunga usiku, Kadutu, kwa mwanga wa simu.
Umeme ulikatika tangu saa moja, na mvua
ilikuwa ikiteremsha udongo ngazini,
ndiyo maana utaona kidole gumba cha matope
kwenye kitambaa cha buluu. Kiache. Ni cha Ciza,
ana miaka tisa, alishika taa mpaka akalala wima.

Vishada ni saba. Hesabu.

Fito ni mianzi ya Walungu. Tuliikausha
juu ya jiko la makala mwezi mzima, hata mama mkwe
akauliza kama siku hizi tunapika kuni.
Ndege haipokei kasha la zaidi ya mita moja na nusu;
bawa la kipungu lilikuwa mita tatu.
Bisimwa alishika msumeno, akageuza uso
kama anayechinja kuku aliyemlea.
Viungio ni vipande vya antena ya redio:
chomeka mpaka usikie ka! Kabla ya hapo bado.

Nguo yake ni miamvuli. Mji wa mvua
ni mji wa miamvuli iliyovunjika. Watoto waliniletea,
nikawalipa andazi moja kwa kila miwili,
na wengine, nadhani, waliivunja kwanza.

Kile cheupe ni turubai la msaada.
Herufi nimezigeuzia ndani, ila jua la kwenu
likipenya vizuri zitaonekana, zikisomeka kinyumenyume.
Nilijaribu kuzifuta kwa petroli.

Hatamu: fundo la pili kwa upepo wa kawaida,
la tatu kwa upepo wenye hasira.
Upepo wa bahari siujui. Huu wetu
hupanda kutoka ziwani saa tisa alasiri,
hugonga mabati, hurudi na harufu ya sambaza,
tumeuzoea kama jirani mkopa chumvi.
Huo wenu uonjeni kwanza kwa kishada kidogo,
cha manjano, hakina kinyongo.

Cha nne huvuta kushoto. Usikirekebishe.

Tulialikwa wawili. Karatasi zilirudi zote mbili
na mstari mmoja: hakuna ushahidi wa kutosha
kwamba mwombaji atarejea.
Niliusoma nikiwa na pini nne mdomoni,
sikuweza hata kucheka.
Ushahidi! Cherehani yangu ni ya mkopo.
Zamu yangu ya likelemba ni Desemba.
Nina sare thelathini za shule zisizo na vifungo,
na mama mkwe asiyemeza dawa isipokuwa kwa mkono wangu.
Mtu mwenye nyuzi nyingi hivyo
angepeperukia wapi?

Bisimwa hakusema kitu. Alitoka nje
na kile cha nne, mawingu yakiwa chini, bila upepo,
akakimbia nacho kuteremka ngazi kama kichaa,
akarudi kimepinda. Ndiyo maana huvuta kushoto.

Kasha litavuka Ruzizi kesho alfajiri
kichwani mwa shemeji, hadi Kamembe,
halafu basi, halafu sijui mikono ya nani.
Fomu ya forodha inauliza thamani.
Andika dola kumi, alisema Bisimwa, wasikutoze.
Nikaandika kumi.
Kisha nikaona haya mbele ya vile vishada
nikaongeza: kila mkia.

Mkimaliza, vikunjeni kama nilivyovikunja:
mabawa ndani, mikia mwisho, fito zikiwa zimekauka.
Anwani ya kurudishia iko upande wa ndani wa kifuniko,
nimeiandika mara mbili, kwa wino usiofutika:
Bukavu, Kadutu, ngazi za juu, mlango wa kijani.
Uliza fundi wa miamvuli.