Raba za Skolastika

Tulitoka Misungwi gizani, watu arobaini na saba
na spika moja ya katekista Pankrasi
iliyokata moto kabla ya fumbo la pili.
Kwapani nilibana boksi la mama:
raba nyeupe za dukani,
karatasi bado imo kwenye vidole.

Alizinunua mwaka ule wa degedege langu.
Mtoto akipona, alisema,
nitakwenda kwa miguu hadi Bukumbi,
nikanyage walikokanyaga wenye kanzu na wapagazi wao.
Nikapona.
Ikaja palizi, wakaja mapacha,
bei ya pamba ikaanguka,
kisha goti.
Nadhiri ikakaa juu ya kabati miaka thelathini na moja.

Njia yenyewe siku hizi ni vipande:
hapa lami, hapa uchochoro wa minyaa,
hapa mbuga, udongo mweusi unaoshika kifundo
kama mdai.
Mwanamke katikati ya dengu akanyoosha mgongo: Mwangaluka!
Tukaitikia wote, hata wale Wahaya wawili.
Hakuuliza tunakwenda wapi.
Aliuliza kama kwetu mvua imenyesha.

Nyuma yangu alikuwa Nyamizi, ambaye sikumpenda.
Litania aliianza juu mno,
sauti ikamkatikia kwa Mtakatifu Agata.
Michembe yangu aliila bila kuomba.
Kila kilima, "Hiki ndicho cha mwisho."

Karibu na Usagara ndala yake iling'oka kamba.
Akaifunga kwa uzi wa kiroba. Ikang'oka tena.
Akaendelea, mguu mmoja peku kwenye kokoto,
na hapo, kwa mara ya kwanza, akanyamaza.

Nilimwacha.
Nilitembea kama hatua mia mbili
nikisali Salamu Maria nisizozisikia.
Boksi lilikuwa jepesi tangu alfajiri;
pale likawa debe la maji kichwani.

Namba thelathini na nane. Zilimkaa kama alipimiwa.
Sikumwambia ni za nani.
Akaitoa ile karatasi, akaikunja,
akaitia kifuani pamoja na nauli ya kurudia.
Halafu akaanza upya, juu mno vilevile.
Katika litania yake Skolastika hayumo.
Nikamtia mwenyewe, kimoyomoyo, kati ya Agata na Lusia:
utuombee, utuombee,
na raba mbele yangu zikaitikia kokotoni.

Ziwa lilitufikia kwa pua kwanza:
dagaa juani, gugumaji lililooza.
Wenzangu wakapiga magoti.
Nyamizi hakupiga. Aliingia majini moja kwa moja
na raba zake miguuni, maji yakampita vifundo,
tope likapanda kwenye ule weupe,
nami mdomo ukafunguka nimkemee
kama mama angalivyomkemea,
avue, mwana we, avue kwanza!

Nikaufunga.
Nikakaa juu ya jiwe na boksi tupu mapajani,
nikala michembe aliyonibakizia.