Alama Kumi na Tano

Swali la nne: Eleza jiografia, watu
na uchumi wa jimbo letu. Alama kumi na tano.
Nililitunga mwenyewe, usiku, kwa haraka,
na haraka, kama tujuavyo, haina baraka.

Sasa nasahihisha mezani jikoni.
Saskatchewan, mwezi wa pili,
nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri,
gari langu nje limechomekwa ukutani kama simu
lisije likaganda roho kabla ya asubuhi.
Madaftari tisa.
Mwaka juzi yalikuwa kumi na sita.

Kolby Hawryluk kaanza vizuri:
"Mipaka yetu yote imepigwa kwa rula,
hakuna mto ulioulizwa."
Kisha anarudia ule utani wa mbwa aliyetoroka
mwenyewe akamwona akienda kwa siku tatu,
utani ambao kila mtu hapa kazaliwa nao.
Nakata nusu alama.
Nairudisha.

Shaylene Bird halikubali neno tambarare.
Kwao ni kaskazini, misonobari na maziwa,
maziwa mengi hata wachora ramani wakaishiwa majina.
Nyanya yake anayo yote, kwa Kikrii.
"Na Saskatchewan maana yake maji yaendayo kasi,
mwalimu. Wewe ulitufundisha ngano."
Penye Watu kaandika neno moja tu:
Walitukuta.
Nimetafuta pa kuweka wino mwekundu.
Nimekwenda kuchemsha chai.

Breanne anasema baba yake hushuka kazini kilomita nzima
kuchimba potashi, chumvi ya bahari
iliyokauka kabla ya dinosaria wa kwanza.
"Akirudi mama humbusu, halafu hutema."
Sikuuliza hayo, lakini ni jiografia.

Jericho Manalastas ndiye ajuaye uchumi.
Mchana mama yake hutandika vitanda vya hoteli,
usiku yuko kaunta ya kituo cha petroli,
na kati ya zamu mbili humpigia bibi, Pampanga,
ambako tayari ni kesho.
Jericho anajua bei ya dengu, bei ya kanola,
anajua dengu zetu huliwa na watu
ambao hawatasikia jina la mji huu.
"Uchumi," anaandika, "ni kitu kinachoondoka kwa treni.
Nimehesabu mabehewa mia moja sabini na matatu.
Hakuna lililosimama."

Kweli, halisimami tena lolote.
Ghala la nafaka tulilibomoa Oktoba,
lile refu la mbao, lenye jina la mji ubavuni
kwa rangi iliyokuwa imebaki herufi nne.
Ukipotea theluji ikivuma, ulilitafuta hilo.
Lilianguka kwa dakika moja, watu wakapiga makofi,
kisha wakaona haya, wakaingiza mikono mifukoni.
Njiwa walizunguka siku mbili
pale paa lilipokuwa,
wakijaribu kutua juu ya hewa.

Daftari la mwisho ni la Dawson Friesen.
Hakuandika. Kachora mstari mmoja,
vidole viwili kutoka chini ya ukurasa,
ukingo hadi ukingo,
na juu yake hakuweka kitu.
Najua mnada wa shamba lao ni mwezi wa nne:
trekta, mizinga ya nyuki, piano.
Najua pia kwamba huu ndio mchoro sahihi kuliko yote,
ila mwongozo wa usahihishaji, nilioutunga mimi,
hauna pa kuuweka.

Nageuza karatasi nijibu swali langu mwenyewe.
Naandika: Jimbo letu
na kalamu inasimama.
Nje treni inapita bila kupunguza mwendo.
Kabatini vikombe vinatetemeka,
kimoja kimoja,
vikihesabu mabehewa.