Namba kwa Chaki

Saa nane usiku nimeukata waya wa Nansio.
Usishtuke. Niliuunga kabla jogoo wa Kirumba hajawika,
ila si waya tena: ni vifurushi.

Laini ile ilikuwa njia ya mtu mmoja,
bandari ya Mwanza hadi ofisi ya meli Ukerewe,
vijia thelathini na viwili ndani ya uzi mmoja:
thelathini vya maneno, kimoja cha maagizo,
na kimoja kisichosema lolote ila kugonga mapigo,
tu, tu, tu, kama mtu anayetwanga gizani
ili jirani ajue bado yu hai.
Uongee, usiongee, njia ni yako.
Hapiti mwingine.

Mtandao mpya haumwekei mtu njia.
Ni lango la Mwaloni kunapopambazuka:
picha za harusi, risiti za benki,
matusi, sala, mpira wa jana,
vyote vinasukumana mlango mmoja.
Nikaambiwa nipitishe humo sauti ya mtu,
isichubuke.

Nikalikumbuka kabati la mama mdogo Nyanzobe.
Alipoolewa Ukara halikuingia mtumbwini.
Fundi Mazigo akalifungua ubao kwa ubao,
akaandika namba kwa chaki, moja hadi kumi na tisa,
mbao zikapanda mitumbwi mitatu.
Wa tisa ulitangulia. Wa nne ulichelewa.
Ng'ambo wakaketi mchangani, wakasubiri kidogo,
kidogo tu, maana mvua nayo ina ratiba yake.
Wa kumi na mbili haujafika hadi leo.
Wakaziba kwa ubao wa sanduku la chai
na kabati likafunga. Nimelifungua kwa mkono wangu.

Basi nami nikaikata sauti vipande,
kila kipande na namba yake,
na kule Nansio nikajenga kibanda cha kungojea:
milisekunde arobaini.
Atakayezidisha hapo, tunaziba pengo, tunaendelea.

Kilichonitoa jasho ni saa.
Vifurushi havigongi mapigo.
Saa ya huku ikiitangulia ya kule kwa unywele
itafika siku neno litaruka,
mtu aseme "elfu tatu"
isikike "elfu tu",
na tiketi igombaniwe hadi polisi.
Nikaifundisha mashine ya Nansio kuhesabu hatua za wapagazi:
huyu mbio, huyu anajikokota,
na kwa wastani wao
ikisie saa ya bandarini.

Asubuhi akaja Bi Leokadia,
aliyechomeka plagi miaka ishirini na sita
kabla ubao wake wa simu haujauzwa kwa kilo.
Akauliza ambalo meneja hakuuliza:
"Na kimya? Watu wakinyamaza, mnakitupa?"

Simu nyingine hukitupa, nikamwambia. Kimya ni gharama.
Laini hii, hapana. Hata pasipo neno
vifurushi vinaondoka vimejaa kimya,
elfu moja kila sekunde, na namba zao,
na kule vinapangwa vile vile.

Akanyanyua mkono wa simu, akapiga Nansio.
"Mwangaluka," akasema,
kisha akainua kidole.
"Imesita."
Nani?
"Laini. Zamani haikuwa inasita."
Milisekunde arobaini! Hakuna sikio la kuzisikia,
vitabu vyote vimesema.
"Inamngoja nani?"
Waliochelewa, nikajibu.

Akatikisa kichwa, simu bado sikioni.
Hakusema neno. Wa Nansio naye hakusema.
Kwenye kioo changu namba zilikuwa zinapanda,
elfu kumi, elfu ishirini, elfu arobaini,
kimya kinavuka ziwa kipande kwa kipande
na hakijapotea hata kimoja.

Sikumkatisha.