Ondoa kwa Usalama

Kinaning'inia shingoni mwangu kwa uzi mwekundu,
hakifiki hata ukubwa wa dole gumba,
na bibi ninayemtunza anadhani ni hirizi.
Simkatalii.

Hapa ni Bari, ghorofa ya nne, lifti imekufa tangu Pasaka.
Kompyuta ni ya mjukuu wake, Ruggero:
makombo ya biskuti kati ya herufi,
kioo kimejaa picha za magari asiyoweza kuyanunua.
Saa tatu usiku, bibi akishakoroma mara mbili
(mara ya kwanza huwa ananitega),
nachomeka.

Taa ya buluu inapepesa kama mtu aliyeamshwa ghafla,
halafu kivinjari changu kinafunguka. Changu, si cha Ruggero.
Chajua hali ya hewa ya Kutaisi, chajua bei ya dawa za mama,
na kimebeba viendelezi alivyonipachikia mpwa wangu Vakhtangi:
hiki chafukuza matangazo kama kuku walioingia sebuleni,
hiki, nikiligusa neno la Kiitaliano, chaninong'oneza la kwetu,
na hiki chenye ngao pembeni ndicho kishika funguo.
Nywila arobaini na moja. Siijui hata moja.
Ndefu, zina sura mbaya, utadhani paka kapita juu ya kibodi.
Mimi nakumbuka moja tu, mama yao,
nayo sijaiandika popote,
hata moyoni naipitisha kwa kunyata.

"Shangazi," aliniambia Vakhtangi siku ya kuondoka,
"kompyuta ya watu ni kitanda cha watu.
Lala, tandika, toka."

Nimetandika nyumba sita kwa miaka tisa.
Mgeni siku ya kwanza hupewa mchele na panzi;
mimi nilipewa ndoo na funguo za choo.
Nguo zangu nusu droo. Kikombe changu, kile chenye ufa.
Nikishatuma pesa, nikishamwona mama akisinzia mbele ya kamera,
nabonyeza: ondoa kwa usalama.
Asubuhi Ruggero akija hakuna jina langu popote.
Maji nayo hayakumbuki kidole.

Alhamisi ile uzi ulikatika.
Niliisikia sauti kabla sijapapasa shingo:
tiki, tiki, tiki,
ndani ya mashine, mfukoni mwa aproni, nyuzi joto sitini,
na mlango wa mashine haufunguki ila dakika hamsini zipite.
Nikaketi sakafuni, natazama povu likizunguka.
Bibi akaja na kigari chake cha kutembelea,
akasimama, akauliza: "Ni mtakatifu yupi?"
Nikasema: "Si mtakatifu, bibi. Ni nyumba."

Hakucheka.
Akaenda, akarudi na mashine yake ya kukaushia nywele,
akaketi ukingoni mwa beseni la kuogea,
na mkono ule usioweza kufikisha kijiko cha supu kinywani
ukakipulizia kidude changu upepo vuguvugu
mpaka taarifa ya habari ikaisha.
Nikimwambia pumzika, ananisonya.

Tuliacha siku mbili. Vakhtangi kwenye simu hakusema nilikuonya;
alisema tu, taratibu, neno alilolisema miaka yote: nakala.
Jumamosi nikachomeka. Giza.
Nikachomoa, nikapuliza, nikachomeka.
Buluu.

Kwa hiyo sasa viko viwili.
Kimoja shingoni, kwa mnyororo wa chuma.
Cha pili bibi alininyang'anya, akakifunga kwa leso,
akakiweka kwenye kopo la meno yake ya zamani,
akalisukuma nyuma kabisa ya kabati, akafunga.
"Hapo," akasema, "hata Ruggero haweki mkono."

Nimelala macho usiku huu.
Sijazoea kuwa na kitu changu ndani ya nyumba
ambacho sitakiondoa kesho.