Doto, Karani wa Mahakama

Daktari wa Kitete alikula kiapo:
ubongo wa Kulwa, upande wa mbele, una kovu.
Mtaalamu wa saikolojia akataja utoto, mkanda wa baba.
Mzee wa baraza akaguna: mtoto wa nyoka ni nyoka.

Nikachapa yote. Kazi yangu ukarani.

Tumbo lilikuwa moja.
Mkanda nao mmoja, ukitushukia kwa zamu
nyuma ya ghala la tumbaku, Isevya.
Sasa nyoka gani huyo,
mwanawe mmoja mnyang'anyi, wa pili karani?

Kovu, ndiyo.
Tulidandia lori la asali, tuna miaka tisa,
pa kushika palikuwa pa mmoja.
Nilimsukuma.

Wakili hakuuliza.
Nikaweka nukta,
nikageuza karatasi.