Na Ushei

Nangumbi kaja na laptopu mpya na neno moja: "Kiunzi."
Kaketi juu ya katoni ya karatasi, nyuma ya steshenari,
feni imekufa, jasho linamdondoka hadi kwenye kibodi,
akanionyesha ukurasa unaopepea, unaoteleza
kama bibo lililoiva likimponyoka mtoto.

Ulikuwa mzuri, sisemi uongo.
Bei ya mnada inapanda kwa ngazi za rangi,
gunia dogo linacheza pembeni likijaa kilo kwa kilo.
"Uzito?" nikauliza.
Akajikuna shingo. "Megabaiti mbili. Na ushei."

Sisi watu wa Tandahimba tunaujua ushei.
Ni goti la karani likiegemea mizani, kidogo tu,
kilo mbili zimekwenda,
hakuna aliyeziona zikiondoka.

Chama kilituomba kitu chepesi:
mkulima aandike namba ya stakabadhi,
aone korosho zake zimelala ghala gani,
aone bei ikibadilika siku ya mnada,
asilipe pikipiki elfu sita kwenda kuambiwa "bado".

Tukaazima simu ya Bi Somoe, muuza vitumbua wa mlangoni.
Kioo kina ufa kutoka kwenye saa hadi kwenye betri,
bando la mia tano, mnara mmoja, nao unachechemea.
Kiduara kikazunguka.
Kikazunguka.
Akaenda kugeuza vitumbua, akarudi, kinazunguka.
"Hiki," akasema, "ndicho mlichotengeneza?"

Usiku ule nikafuta vyote. Nikaandika HTML kavu,
kichwa, jedwali, kisanduku, kitufe,
kama mtu ajengaye banda kwa fito na kamba.
Kilobaiti tisa! Ukafunguka kabla sijapepesa,
nikamtazama Nangumbi kwa kiburi, wala sikukificha.

Asubuhi Bi Somoe akaandika namba yake, tarakimu kumi na mbili,
akakosea ya saba, akabonyeza,
ukurasa mzima ukaanza upya, mweupe,
na zote kumi na mbili hazipo.
Akaandika tena. Mtandao ukakohoa. Hazipo.
Bei nayo ilikuwa ya jana.
Akanirudishia simu bila neno, vidole vina unga.
Nangumbi hakucheka. Afadhali angecheka.

Siku tatu tukabishana, na swali halikuwa tena
lipi jipya, lipi la kale.
Lilikuwa: kipi lazima kitembee, kipi kinaweza kusimama?
Jina la mkulima halitembei. Ghala halitembei.
Bei inatembea. Na kosa la tarakimu ya saba
linataka kuonyeshwa palepale, kwa upole,
zile nyingine kumi na moja zikiwa zimekaa mahali pake.

Kulikuwa na swali jingine, tulilizungukazunguka:
wewe ukipata kazi Dodoma, mimi nikilala na homa,
nani ataufungua msimbo huu asipotee ndani yake?
Tukamwita Anastazia wa fotokopi, kidato cha nne, mkaidi.
Akasoma mistari yetu kwa sauti kama risala.
Alikwama mara mbili.
Pale alipokwama ndipo tulipoandika upya.

Ikabaki maktaba moja, ndogo, kilobaiti kumi na nne,
inayogusa bei tu na kisanduku tu.
Nangumbi aliomba gunia lake lisife.
Nikakataa. Kesho yake nikamkubalia:
libaki, lakini lisicheze.

Siku ya mnada, saa nne na robo,
kwenye kioo chenye ufa, tarakimu moja ikabadilika,
sehemu nyingine zote kimya kama mkeka uliotandikwa.
Tulikumbatiana, wanaume wazima, kati ya rimu za karatasi,
Anastazia akitutazama kama wagonjwa.

Bi Somoe akasogeza simu karibu na macho.
"Mbona imeshuka?"